Wasomaji Wauliza: Ndoto si Shahidi wa Kumshitaki Mtu

Katika toleo lililopita nilimjibu kwa mistari michache msomaji aliyeota maji yakiingia nyumbani mwake, na tangu hapo barua za ndoto zimemiminika kutoka Katuba, Kamalondo, Ruashi na pembe nyingine za Lubumbashi. Baadhi zinahusu ndoto za usingizini, nyingine matarajio ya maisha, na moja inayachanganya yote mawili. Ninaanza na barua isiyoweza kusubiri, kwa kuwa inahusu usalama wa mtoto.

Swali. Mimi ni shangazi wa mtoto wa kiume wa miaka minane, niliyemchukua baada ya wazazi wake wote wawili kufariki. Analala sebuleni kwenye mkeka. Tangu mume wangu asimamishwe kazi tunakula bukari na sombe, na nyama hatujaiona kwa muda mrefu. Asubuhi moja mtoto alisema mbele ya wenzake kwamba usiku alikuwa anakula nyama pamoja na watu, na kwamba aliyempakulia alikuwa amevaa kitenge cha marehemu mama yake. Jirani alisikia, akatupeleka kwa mwombezi mmoja. Huyo alimhoji mtoto tangu mchana hadi giza lilipoingia, na mwishowe mtoto akakubali kwamba nyama ile ilikuwa ya mtu na kwamba yeye ndiye aliyefunga kazi ya mume wangu. Sasa mwombezi anataka mtoto abaki kwake na afunge siku tatu bila chakula wala maji ili afunguliwe. Ninampenda mtoto huyu, lakini usiku ninaogopa. Nifanye nini?
*Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

Jibu. Mama, usimpeleke. Kama amekwisha kupelekwa, nenda ukamchukue leo hii, ukiwa na mtu mzima mwingine unayemwamini. Mtoto wa umri huo akinyimwa maji siku tatu katika joto la mwezi wa kumi anaweza kufa, na atakayekuwa amemuua ni mtu mzima, si ndoto.

Baada ya hapo tuitazame ndoto yenyewe, kwa maana barua yako imekwisha kuieleza bila wewe kujua. Huyu ni mtoto aliyemzika mama yake na ambaye kwa wiki nyingi hajaonja nyama. Usiku mmoja ameota nyama, na aliyempakulia amevaa kitenge cha mama yake. Ameota vitu viwili anavyovikosa kuliko vyote. Mimi ninapoisoma sioni hata chembe ya uovu ndani yake. Ninaona njaa, na ninaona msiba ambao huenda hakuna aliyekaa na mtoto kumsaidia kuulilia.

Ni kweli kwamba hakusema “niliota”. Alisema alikuwa anakula. Hilo lisikutishe. Mwaka 1926 mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alichapisha mahojiano aliyofanya na watoto kuhusu namna wanavyoielewa ndoto. Watoto wa miaka mitano au sita walimwambia kwamba ndoto hutoka nje na kuja chumbani. Wa miaka saba au minane walijua kwamba inatoka kichwani, lakini bado waliiona kana kwamba iko mbele yao, ndani ya chumba. Ilipofika miaka tisa au kumi ndipo wengi walipoelewa kwamba ndoto imo ndani ya mtu mwenyewe. Mtoto wako bado yuko katikati ya njia hiyo. Aliposimulia asubuhi ile hakuwa anakiri kosa. Alikuwa anaeleza alichokiona, kwa maneno aliyo nayo.

Kukiri kulikuja baadaye, na kulikuja kwa maswali. Mtu mzima anayeheshimiwa akimuuliza mtoto jambo lilelile tangu mchana hadi usiku, na kila mtoto anaposema “hapana” swali likarudiwa kwa sauti kali zaidi, mtoto hujifunza upesi kwamba “hapana” haitampeleka nyumbani. Atatafuta jibu litakalompeleka. Jaribu kukumbuka kwa uaminifu: ni nani aliyeanza kusema kwamba nyama ile ilikuwa ya mtu, mtoto au mwombezi? Na ni nani aliyeanza kuitaja kazi ya mumeo? Nina hakika kubwa kwamba mtoto wa miaka minane hakuyaleta hayo mwenyewe.

Ujue pia kwamba sheria iko upande wako. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa ulozi, nayo Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inaweka adhabu ya kifungo kwa anayemsingizia mtoto jambo hilo. Mwombezi akikutisha, au jirani akianza kueneza maneno mtaani, nenda kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya komini au kwa polisi wanaoshughulikia watoto. Ukiwa na padri, mchungaji au imamu mwenye busara, mwombe akusindikize. Viongozi wengi wa dini katika mji huu wanachukizwa na mambo haya kama ninavyochukizwa mimi. Miongoni mwa watoto wanaolala nje katika miji yetu mikubwa wapo waliofukuzwa nyumbani kwa shutuma za namna hii hii, na njia ya wengi wao ilianza kwa neno dogo walilolisema asubuhi mbele ya watu wazima.

Kwa mume wako ninakuomba uwe mpole, kwa sababu mwanamume aliyepoteza kazi hutafuta wa kumlaumu, na aliye dhaifu kuliko wote nyumbani ndiye aliye karibu. Mkae wawili, mtoto akiwa hayupo, muichukue barua ya kusimamishwa kazi na kuisoma tena. Iliandikwa tarehe gani? Ilitiwa sahihi na nani? Je, ni yeye peke yake aliyesimamishwa, au ni kundi zima? Mtoto hakuwepo katika ofisi ile.

Na mtoto akiamka usiku akilia, usimhoji. Mshike, mwambie yuko nyumbani, umpe maji. Mchana, akiwa ametulia, mwombe akusimulie ndoto hiyo kisha muibadilishie mwisho pamoja: labda mama yake anamaliza kupakua, anamwambia ale ashibe, halafu anamtuma aende kucheza. Arudie mwisho huo mpya kila jioni kabla ya kulala, na akipenda auchore. Si mchezo wa kupoteza muda. Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Barry Krakow, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wamebakwa na walioteswa na ndoto za kutisha; waliofundishwa kuibadili ndoto na kuirudia ile mpya mchana walipungukiwa na ndoto hizo mbaya na wakalala vizuri zaidi.

Swali. Nimeota mara mbili meno yangu yakinidondokea mkononi. Mama mkwe anasema kwamba jino likitoka ndotoni, mtu wa ukoo atakufa. Mdogo wangu anachimba kwenye mashimo upande wa Kolwezi. Je, nimwite arudi?
*Dada wa Katuba*

Jibu. Mama mkwe wako hakubuni jambo hilo. Vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyonasibishwa na Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, vinayafananisha meno na watu wa ukoo, na imani ya namna hiyo inasikika katika nchi nyingi zilizo mbali sana na kwetu. Hata hivyo, kuenea kwa imani hakuifanyi kuwa kweli. Watafiti wawili wa Israeli, Naama Rozen na Nirit Soffer-Dudek, walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na wakaona kwamba watu wanaoota meno yakidondoka ndio walioamka mara nyingi wakisikia meno, fizi au taya zimekaza. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujainuka, bonyeza polepole kwa vidole pale taya inapokutana na sikio. Pakiuma, huenda unasaga meno usiku, na wa kukusaidia ni daktari wa meno.

Kwa nini basi watu huapa kwamba ndoto hii hutimia? Kwa sababu ukoo wetu ni mpana, na katika miezi michache hakosi kupatikana binamu, shemeji au babu mdogo aliyetutoka. Msiba ukifika, ndoto inakumbukwa. Usipofika, hakuna anayekumbuka kwamba aliota.

Kuhusu mdogo wako, ndiyo, mpigie simu, lakini umwulize mambo ya mchana. Shimo lao lina kina gani, kwa maana kanuni za madini za nchi yetu haziruhusu shimo la mchimbaji mdogo kuzidi mita 30? Kuta zake zimeegemezwa kwa magogo? Mvua zikianza watasimama, au wataendelea kushuka katika udongo uliolowa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuambia kama anapaswa kurudi, nayo yangekuwa yaleyale hata kama ungelala fofofo bila kuota chochote.

Swali. Mimi ni mstaafu wa mgodi na mkristo wa Jamaa, lile kundi la Kikatoliki, tangu ujana. Sisi tulizipa ndoto uzito. Siku hizi wajukuu wanatuambia kwamba ni upuuzi. Je, tulikosea?
*Mzee wa Kamalondo*

Jibu. Shikamoo, Baba. Sioni kosa katika kuiheshimu ndoto. Jamaa iliyoanza miaka ya 1950 pamoja na Padri Placide Tempels huko Kolwezi, na kuenea katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, ilikuwa na mafundisho yanayopita njia moja hadi nyingine, na ndoto zilihesabiwa miongoni mwa ishara za kukua katika njia hizo. Wajukuu wako wangefaidika kama ungewasimulia habari hizo kwa kituo, kwa sababu ni sehemu ya historia ya mji huu.

Ninachokitenganisha mimi ni ndoto inayomrekebisha aliyeiota na ndoto inayotumiwa kumwadhibu mwingine. Dini zetu zenyewe zimeweka tahadhari. Mhubiri 5:3 inasema kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Katika Hadithi, Mtume Muhammad alizigawa ndoto katika aina tatu: bishara kutoka kwa Mungu, vitisho kutoka kwa Shetani, na mambo ambayo nafsi ya mtu inajisemesha, na aliyeota vibaya aliagizwa ajikinge kwa Mungu, wala asiwasimulie watu. Ni agizo ambalo lingewaokoa watoto wengi.

Hata wanasayansi hawaidharau. Otto Loewi wa chuo kikuu cha Graz, nchini Austria, aliamka usiku mmoja na wazo la jaribio, akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata, kama saa tisa, wazo likarudi. Safari hii hakuandika. Aliondoka kwenda maabara na kulifanya jaribio palepale kwa mioyo ya vyura, akathibitisha kwamba neva hupeleka ujumbe wake kwa njia ya kemikali. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel. Ndoto ilimpa jaribio, Baba. Jibu alilipata maabara, na swali lenyewe alikuwa amelibeba kichwani miaka mingi kabla ya usiku ule.

Swali. Ninasoma chuo kikuu na ninaishi Kasapa. Wakati wa mitihani huamka alfajiri nikiwa siwezi kusogeza hata kidole, kifua kimelemewa, na ninahisi mtu yumo chumbani. Je, ninarogwa?
*Mwanafunzi*

Jibu. Hapana, kaka. Hilo ndilo jinamizi, nalo lina maelezo. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba usingizi wa binadamu una vipindi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na kwamba anayeamshwa wakati huo mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Vipindi hivyo hurudi takribani kila dakika 90 na hurefuka kuelekea alfajiri. Ndani yake ubongo huilegeza misuli ya mwili, ili tusiinuke na kutenda tunayoyaota. Safari nyingine akili huamka kabla ya misuli kuachiliwa, na mabaki ya ndoto yakiwa bado yanaonekana chumbani. Kifua huwa kizito kwa sababu baadhi ya misuli ya kupumulia nayo imelegea, ingawa ule mkuu wa kiwambo, ulio chini ya mapafu, unaendelea kufanya kazi, na ndiyo maana hukosi pumzi.

Huwajia zaidi wanaokesha, wanaolala saa zisizo na utaratibu na wanaolala chali. Lala ubavu, acha kukesha siku mbili mfululizo kabla ya mtihani, na likikushika usipambane: pumua taratibu na ujaribu kutikisa ncha ya kidole kimoja cha mguu. Ukiona pia kwamba mchana unaangushwa na usingizi wa ghafla, muone daktari.

Swali. Nina diploma ya serikali, na matarajio yangu ni kuwa mhandisi wa madini. Baba amefariki, ada hakuna, nami ninauza maunite ya simu barabarani. Hesabu zilinisumbua tangu shuleni. Mara nyingi ninaota nimevaa kofia ya mgodini na watu wananiita injenieri. Mhubiri mmoja alituambia tufumbe macho kila siku tujione tumekwisha kufika, na kwamba hiyo inatosha. Nimefanya hivyo kwa miaka miwili. Je, ndoto yangu ni ishara, au niachane nayo?
*Kijana wa Ruashi*

Jibu. Mdogo wangu, kofia unayoiota usiku ni ileile unayoiwaza mchana kwenye kiti chako cha barabarani huku magari ya mgodini yakipita. Inaonyesha kwamba unalitaka jambo hilo kwa moyo wote. Haikuahidi kitu, wala haikukatazi.

Ushauri wa kufumba macho ndio unaonisikitisha, kwa sababu umekula miaka yako miwili. Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha mwaka 2002 utafiti uliowafuata vijana wa Ujerumani waliohitimu chuo na kutafuta kazi. Waliokuwa wakijifurahisha mara nyingi kwa kuwaza kwamba mambo yamekwisha kuwanyookea walikuwa wametuma maombi machache zaidi, walipata nafasi chache zaidi, na baada ya miaka miwili mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Waliofanikiwa zaidi ni wale waliokuwa na matumaini yenye msingi, yaani waliopima walichokwisha kukifanya na kuona kwamba wanaweza. Mtu anayelionja tunda kwa mawazo kila jioni hulala ameridhika, na asubuhi hana haraka ya kupanda mti.

Oettingen alipendekeza njia nyingine: uwaze unachokitaka, halafu palepale uutazame usoni mzigo unaokuzuia. Mume wake, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwamba inasaidia sana mtu akikata shauri mapema kwa namna hii: “ikitokea hivi, nitafanya vile.” Kwako wewe, barua inataja mizigo miwili, ada na hesabu. Ada unailalamikia, hesabu umeitaja kwa sentensi moja na kuipita. Mimi ninaogopa hesabu zaidi. Ukipata mfadhili kesho, kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakitakufundisha kugawanya na kupanga milinganyo ya shule. Kitaanzia mbele ya hapo. Kwa hiyo sema hivi: “Saa za mchana ambazo wateja huwa wachache, nitafungua daftari la hesabu, na nikikwama kwenye zoezi, jioni nitakwenda kwa mwalimu fulani.” Mtaje kwa jina.

Usikubali pia kwamba jina moja la kazi ndilo lango pekee. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alitamani udaktari tangu utoto, alipokuwa akifuatana na baba yake mchungaji kuwaombea wagonjwa. Alianza kwa kuwatibu watoto katika hospitali ya Lemera. Huko aliwaona wanawake wakiumia na kufa kwa kukosa msaada wakati wa kujifungua, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Tamaa yake ya utotoni ilibaki, ila umbo lake lilibadilishwa na mahitaji aliyokutana nayo njiani. Mgodi unahitaji wahandisi, lakini unahitaji pia mafundi umeme, wachomeleaji, wapimaji wa ardhi na wahudumu wa maabara, na mafunzo ya baadhi ya kazi hizo ni mafupi, ada yake ni nafuu, na mtu akishapata mshahara anaweza kurudi shuleni kwa fedha zake mwenyewe.

Barua yako haisemi kwamba umewahi kuingia katika ofisi yoyote ya chuo na kuuliza. Wiki hii acha maunite kwa nusu siku, nenda chuo kikuu na kwenye taasisi moja ya ufundi, uulize ada kamili ya mwaka wa kwanza, kama inalipwa kwa awamu, na ni mtihani gani wa kuingia unaotakiwa na lini. Andika majibu, ututumie; nitayachapisha katika toleo lijalo, kwa maana kuna vijana wengine wa Ruashi walioniuliza jambo hilohilo.